Altaneta ya gari-nyumba la mwaka 1979 na betri ya lithiamu: nibadilishe, niongeze ya pili, au niiache?

Kipanga wa Bremen:

Ndugu zangu mafundi na wasafiri, nawasalimu nyote.

Ninaishi Bremen, Ujerumani, na kwa miaka sita sasa ninamiliki Mercedes-Benz 508D ya mwaka 1979, ile ya pua fupi ambayo Wajerumani huiita Düsseldorfer kwa sababu ya kiwanda ilikoundwa. Injini yake ni dizeli ya OM314, silinda nne, lita 3.8, nguvu za farasi 85. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliigeuza kuwa nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, friji ya kompresa na meza ya kukunja. Mfumo wa umeme ni wa volti 12. Altaneta ni ya Bosch, ileile ya tangu zamani, ina kibandiko cha 14V 55A, na katauti yake, yaani kidhibiti cha volti, imefungwa mgongoni pamoja na kaboni zinazopeleka umeme kwenye rota, ile sumaku-umeme inayozunguka ndani.

Hadi majira ya kuchipua mwaka huu nilikuwa na betri mbili za risasi kwa matumizi ya ndani, zikichajiwa kupitia rilei (swichi ya umeme) ya kizamani inayojifunga mara taa ya chaji inapozimika. Nikaziondoa na kuweka betri moja ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, ya ampea-saa 280. Nilifunga kwenye nyaya zilezile na rilei ileile, kwa kuwa muuzaji aliniambia kwamba betri hii inaingia mahali pa ile ya zamani bila kugusa kitu kingine.

Siku ya tatu nilinaswa kwenye foleni ya kuingia handaki la Elbe, Hamburg. Baada ya kama nusu saa ya kusogea hatua kwa hatua nilisikia harufu ya vanishi inayoungua. Nilipofunua kifuniko cha injini, ambacho katika gari hili kiko kati ya viti viwili vya mbele, kipimajoto cha mwanga kilionyesha nyuzijoto 118 kwenye ganda la altaneta, na mita ya kubana waya ilionyesha kwamba betri bado inavuta umeme mwingi huku injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Niling'oa fyuzi papo hapo. Altaneta haikufa, lakini gereji moja niliyoipelekea iliniambia kwamba waya za stata ya altaneta, zile koili zisizozunguka, zimeanza kubadilika rangi, ikanishauri ninunue ya ampea 150 nisahau mambo.

Matumizi yangu ni kama ampea-saa 85 kwa siku. Ninahama kila baada ya siku mbili, na kila safari huchukua saa mbili hadi tatu. Juu ya paa nina sola ya wati 200, ambayo wakati wa kiangazi inanitosha, lakini Desemba huku kwetu ni kama pambo tu. Gari lina namba za magari ya kale, zile zenye herufi H mwishoni, kwa hiyo sipendi kukata mabati wala kubadilisha sura ya injini kuliko inavyolazimu. Je, nifuate ushauri wa altaneta kubwa, niweke ya pili pembeni kwa ajili ya betri ya ndani peke yake, au kuna njia ya kuitumia hii niliyo nayo bila kuiunguza?

---

FundiTaa, Mombasa:

Kaka Kipanga, kwanza liondoe kichwani wazo kwamba altaneta yako ni mbovu. Ilifanya kazi iliyoagizwa, tena zaidi ya uwezo wake, na ndiyo maana ilinuka.

Betri ya risasi ina adabu ya kukataa. Ikishaanza kujaa inapandisha volti yake, na chaji inayoingia hupungua yenyewe, ndiyo maana miaka yote hiyo altaneta yako ilikuwa ikifanya kazi ngumu kwa dakika chache tu baada ya kuwasha gari, kisha inapumzika. Lithiamu haina adabu hiyo. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno, hivyo inameza chochote unachoipa kwa saa nyingi mfululizo mpaka ikaribie kujaa kabisa. Katauti nayo haijui joto wala ampea. Inachokijua ni volti peke yake. Maadamu volti haijafika 14 na kidogo, inaendelea kuisukumia rota umeme wote inaoweza, na altaneta inatoa kila ilichonacho.

Sasa ongeza foleni juu ya hayo. Feni ya altaneta hiyo imefungwa nyuma ya puli, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda, na inazunguka pamoja nayo. Injini ikiwa sailensa, feni inapepea kivivu, ilhali rota imelishwa kwa ukamilifu. Kwa hiyo kukaa foleni kunaichosha altaneta yako kuliko kupanda mlima kwa kasi, na mtu anayewasha injini kambini asubuhi ili "kujazia betri kidogo" anaitesa pasipo kujua.

Ile namba 55 kwenye kibandiko ni kile inachoweza kutoa ikiwa inazunguka vizuri na haijachemka. Kwa kazi ya mfululizo mimi huihesabu kuwa ni ampea 35 hadi 40. Halafu hesabu gari lenyewe: taa kubwa mbili za wati 55 pamoja na taa ndogo ni karibu ampea 10, waipa 5, feni ya hita 8. Usiku wa mvua gari linakula ampea 23 kabla betri ya ndani haijapewa tone. Hapo zinabaki 12 hadi 17 za kuchajia kwa usalama, na mchana mkavu zinabaki zaidi ya 25.

Ushauri wangu ni chaja inayokaa kati ya betri mbili. Inachota umeme kwenye betri ya stata, yaani ile ya kuwashia gari, inaupandisha hadi volti 14.2 au 14.4 ambazo lithiamu inazitaka, na lililo kubwa zaidi ni kwamba haivuti kupita kiwango chake hata betri ya ndani iwe na njaa namna gani. Lakini uwe mwangalifu hapa, kwa sababu watu wengi hununua chaja ya ampea 30 wakidhani altaneta itadaiwa 30. Ampea 30 kwa volti 14.2 ni wati 426. Ikiwa chaja inapoteza asilimia 12 kama joto, upande wa kuingilia inadai karibu wati 484, na kwa volti 13.6 hizo ni ampea 35 na ushei. Nunua ambayo kiwango chake kinaweza kupunguzwa. Victron Orion XS ya ampea 50, kwa mfano, unaiwekea kikomo unachotaka kwa simu, nayo haipotezi umeme mwingi njiani.

Jambo la mwisho ni hili: muuzaji aliyekwambia betri inaingia bila kugusa kitu alikuwa anaizungumzia boksi yake, si gari lako.

---

Mama Safari, Arusha:

Kaka Kipanga, pole kwa harufu hiyo. Ukiisha kuisikia mara moja huisahau.

Sisi tuna magari ya kupeleka wageni mbugani, na Land Cruiser mbili tulizifunga lithiamu ya ampea-saa 100 kwa ajili ya friji na kuchaji kamera. Fundi wetu alitumia rilei za kisasa ambazo hazifuati taa ya chaji. Zinapima volti, zinajifunga zikiona 13.3 na kujifungua zikiona 12.8. Kwa betri za risasi zinafanya kazi vizuri sana. Kwa lithiamu tuliumbuka. Betri ya lithiamu iliyochajiwa inatulia kwenye volti 13.2 au 13.3 na kubaki humo kwa muda mrefu hata ikiwa inatumika, hivyo rilei ilikuwa haioni sababu ya kujifungua. Gari limezimwa, wageni wamelala, betri ya stata na ya friji bado zimeshikana mikono usiku kucha, na lithiamu inalisha friji na betri ya stata pamoja. Tuliunguza altaneta mbili katika msimu mmoja kabla hatujaelewa, kwa sababu asubuhi gari likishawashwa altaneta ilikuta lithiamu ina kiu kubwa, huku dereva akiwa amesimama langoni injini ikiunguruma akisubiri vibali.

Rilei yako wewe inafuata taa ya chaji, kwa hiyo hiyo ya usiku haikuhusu, lakini nimeiandika kwa sababu wengine watasoma.

Ninakubaliana na FundiTaa kuhusu chaja, isipokuwa naona hesabu ya Desemba haijafungwa. Siku mbili kwa ampea-saa 85 ni 170. Ukichaji kwa ampea 25 kwa saa tatu unapata 75. Zilizobaki 95 zitatoka wapi? Kabla ya kununua vyuma, jiulize kama kununua umeme wa kambi usiku mmoja kila baada ya siku nne na chaja ya ukutani hakutakugharimu kidogo kuliko altaneta mpya na bano lake la kuishikilia. Sisi huku hatuna kambi zenye umeme kila mahali, nyinyi mnazo.

---

Nahodha wa Nchi Kavu, Muscat:

Salaam kwenu. Nimefanya kazi kwenye mashua za matembezi kwa miaka kumi na minane, na tatizo la Ndugu Kipanga ndilo tunalolifumua kila siku, isipokuwa chumba cha injini cha mashua mwezi wa Julai huku Oman kinakuwa kimeshafika nyuzijoto 60 kabla altaneta haijaanza kujipasha yenyewe. Kwa hiyo nitaitetea altaneta kubwa, ila si kwa namna ile gereji ilivyoshauri.

Altaneta ya ampea 150 iliyofungwa moja kwa moja kwenye lithiamu itaungua kama hii, tofauti ni kwamba itakugharimu zaidi. Ukubwa pekee si kinga. Kinga ni katauti ya nje yenye akili, ambayo ina waya wa kupima joto unaofungwa kwenye ganda la altaneta. Joto likifika pale ulipoliwekea mpaka, katauti inapunguza umeme wa rota, ampea zinashuka, chuma kinapoa, kisha inapandisha tena. Balmar na Wakespeed wanazitengeneza, na zinaweza pia kufundishwa hatua za kuchaji za lithiamu. Ili kuitumia kwenye altaneta kama yako lazima katauti ya mgongoni iondolewe na nyaya za kaboni zitolewe nje, na hapo ndipo fundi anatakiwa ajue kama rota inadhibitiwa upande wa chanya au upande wa hasi, kwa sababu akizichanganya, altaneta ama haitachaji kabisa ama itachaji bila breki.

Kisha kuna mkanda. Ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400 zinazotoka, lakini altaneta za aina hii hupoteza karibu nusu ya kile zinachopewa, hivyo injini inatoa karibu kilowati 2.7, yaani farasi wanne kasorobo. Kwa farasi 85 hilo si neno; tatizo ni kwamba nguvu hiyo yote inapita kwenye mkanda mmoja wa umbo la V. Kwenye mashua tunahesabu ampea 80 kuwa mwisho wa mkanda wa milimita 10, na mia moja hivi kwa mkanda wa milimita 13. Ukizidisha, mkanda unateleza, unapaka vumbi jeusi kila mahali, na unapoukaza ili usiteleze unaanza kula bearingi. Na katika injini kama hiyo yako, mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika hupotezi chaji peke yake. Zingatia pia kwamba OM314 ni injini ya mwendo wa pole, mwisho wake ni mizunguko 2,800 kwa dakika. Altaneta iliyotoka kwenye gari dogo la petroli, ikija na puli yake kubwa, haitafika mwendo wake hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Puli ndogo inahitajika, nayo puli ndogo inashika sehemu ndogo zaidi ya mkanda. Kila unachokitengeneza kinavuta kingine.

Kuna na hatari ambayo haijatajwa. Ndani ya betri ya lithiamu kuna mfumo wa ulinzi, ule tunaouita BMS, ambao ukiona seli moja imepita volti 3.65, au baridi imezidi, unaikata betri ghafla. Iwapo wakati huo altaneta ilikuwa ikiimiminia ampea 50 moja kwa moja, sumaku ya rota haiwezi kufa kwa kufumba na kufumbua. Volti zinaruka hadi makumi kadhaa na dayodi zinapasuka, na wakati mwingine redio na vifaa vingine vinafuatana nazo. Ndiyo sababu betri ya stata ya risasi haitakiwi kutenganishwa na altaneta hata dakika moja. Inakaa pale kama godoro la kupokea kishindo.

Kwa hiyo, Ndugu Kipanga, kama una nafasi ya bano na puli ya pili kwenye injini, altaneta ya pili yenye katauti yake ya nje ndiyo kazi safi kuliko zote: ya kwanza inabaki ya gari, haiguswi, na ya pili ni ya nyumba. Kama nafasi hiyo haipo, fuata chaja ya FundiTaa.

---

Kipanga wa Bremen:

Nawashukuru sana. Nafasi ya altaneta ya pili ipo upande wa kulia wa injini, lakini puli ya mbele ina mfereji mmoja tu, na kupata ya mifereji miwili kwa injini ya umri huu ni kazi ya kuvizia wauza vyuma vya zamani. Nimeamua kuanza na chaja. Nina maswali mawili: waya upi, na je, ishara ya kuiambia chaja kwamba injini inawaka niichukue wapi?

---

FundiTaa, Mombasa:

Kutoka betri ya stata hadi betri ya ndani ni mita ngapi? Tuseme tano kwenda na tano kurudi. Waya wa milimita za mraba 16 ukipitisha ampea 36 utapoteza karibu volti 0.4, wa 25 utapoteza 0.25. Weka wa 25, na hasi uipe waya wake kamili, usitegemee chesisi yenye kutu za miaka arobaini na zaidi. Fyuzi ziwe mbili, kila moja jirani na betri yake, kwa sababu waya huo una betri kila mwisho, na ukisuguliwa katikati hadi ukagusa bati utalishwa moto kutoka pande zote.

Ishara ichukue kwenye D+ ya altaneta, ile ncha inayokwenda kwenye taa ya chaji, waya mwembamba tu. Usiutwishe mzigo wa rilei nene. Na tafadhali, taa ya chaji kwenye dashibodi iwe balbu ya kawaida. Kuna watu huibadilisha kuwa LED ili ing'ae vizuri, kisha wanashangaa altaneta haiamki mpaka wakanyage mafuta kwa nguvu. Umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha rota.

Kabla ya yote, pima athi, yaani njia ya hasi inayopita kwenye injini na chesisi. Weka mita kati ya ganda la altaneta na hasi ya betri ya stata, injini ikiwaka na taa zote zikiwa zimewashwa. Ukiona zaidi ya volti 0.2, safisha kwanza.

---

Kipanga wa Bremen:

Ninarudi baada ya wiki tano, kama nilivyoahidi moyoni.

Athi ndiyo iliyonishangaza kuliko vyote. Mita ilisoma volti 0.9 kati ya ganda la altaneta na hasi ya betri. Utepe wa shaba unaotoka injini kwenda chesisi ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Nadhani aliyepaka rangi chini ya gari miaka hiyo aliufungua, akapaka, kisha akaurudisha bila kukwangua. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaweka utepe mpya na grisi, na mita ikashuka hadi 0.08. Jioni hiyohiyo taa kubwa ziliangaza kama sijawahi kuziona, na nilijisikia mjinga kidogo kwa miaka sita ya kulaumu vioo vyake.

Kabla ya kufunga chaja nilibadilisha kaboni na bearingi za altaneta. Koili za stata niliziacha, kwa kuwa fundi mwingine alizipima na kusema bado zinafaa. Chaja nimeiwekea kikomo cha ampea 25 mchana. Usiku wa mvua ninaishusha hadi 12 kwa simu kabla ya kuondoka, na nimekwisha kusahau mara mbili, kwa hiyo nitafunga swichi itakayofuata taa kubwa. Vipimo ni hivi: barabara kuu, kilomita 80 kwa saa, saa moja na nusu mfululizo, ganda la altaneta ni nyuzijoto 81. Sailensa kwa dakika ishirini, nyuzijoto 97 na bado inapanda polepole. Nimeweka swichi ndogo kwenye dashibodi inayokata ule waya wa D+ kwenda kwenye chaja, na nikiingia foleni ninaizima.

Hesabu ya Mama Safari ni kweli tupu. Wiki mbili za mvua na mawingu mazito zilinirudisha nyuma kama ampea-saa 40 kila siku mbili, na sola haikuziba pengo. Nimelipia umeme wa kambi mara mbili na betri ikajaa usiku mmoja. Betri nimeihamishia chini ya kitanda, karibu na hita, kwa sababu mtengenezaji anakataza isichajiwe ikiwa chini ya sifuri.

Puli ya mifereji miwili nimeiona kwa muuza vyuma mmoja upande wa Oldenburg, imetoka kwenye gari lenye injini hiihii, lakini bano lake halipo. Nahodha, kama una picha ya jinsi mnavyochonga bano la altaneta ya pili na kuulinganisha mkanda usiende upogo, ningeomba uiweke hapa kabla sijalipa.